Bia za mtindo wa Kijerumani: nilizozipenda, nilizozivumilia na ile niliyoiacha glasini

Nianze na hukumu, sababu zitafuata. Katika bia zote za mtindo wa Kijerumani nilizoonja, iliyonikaa zaidi si ile nyeusi yenye nguvu, wala ile ya moshi inayozungumzwa na kila mtu. Ni Helles, bia ya rangi ya dhahabu, tulivu, ambayo ukiinywa kwa pupa utaona haina lolote. Nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kila nikiirudia naiheshimu zaidi.

Mimi si mtaalamu. Sikusomea kutengeneza bia wala sina cheti cha uonjaji. Ni mnywaji wa kawaida niliyechoka kunywa bila kujua ninachokunywa. Nikakusanya chupa za makundi mawili: bia za viwanda vidogo vinavyofuata mtindo wa Kijerumani, na bia za Ujerumani kwenyewe, zile ambazo watengenezaji wadogo huzitaja kama kipimo chao. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa akimimina. Alinipa mbili mbili, katika glasi zinazofanana, bila kuniambia ipi imetoka wapi, nami nikawa naandika kwenye daftari kabla ya kuuliza. Viwanda vidogo sitavitaja majina, kwa sababu baadhi ya chupa zao zilikuwa na kasoro, na chupa moja haitoshi kumhukumu mtu. Za Ujerumani nitazitaja.

Kitu kimoja kinafaa kijulikane mapema. Tarehe 23 Aprili 1516, katika mji wa Ingolstadt, watawala wawili wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, Wilhelm IV na Ludwig X, walitoa amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na maji tu. Amri hiyo hiyo ilipanga na bei ya bia. Chachu haikutajwa kabisa. Sheria ya leo si ile ya 1516, maana inaruhusu ngano na mengineyo kwa bia za aina fulani, lakini tabia imebaki: katika sehemu kubwa ya bia hizi hakuna tunda, hakuna vanila, hakuna kahawa. Ukisikia ladha ya ndizi, haikutoka kwenye ndizi. Ukisikia chokoleti, imetoka kwenye kimea kilichokaangwa. Kwa mwonjaji asiye na mafunzo kama mimi, hilo ni msaada mkubwa. Swali linabaki moja tu: je, huyu aliyepika amefanya kazi safi?

Na Helles ndiyo inayouliza swali hilo kwa ukali zaidi. Ni kama shati jeupe, doa dogo linaonekana kwa mbali.

Kipimo changu kilikuwa Augustiner ya Munich. Povu jeupe, zito, lililoacha duara moja kwenye glasi kila nilipopiga funda. Harufu ya kwanza ni ya mkate mweupe uliotoka jikoni sasa hivi, nyuma yake kuna asali kwa mbali, lakini utamu wa asali haupo. Mdomoni inaanza laini, inajaa, halafu uchungu wa hopsi unakuja mwishoni kabisa, kidogo tu, unafagia ulimi na kuondoka. Hapo hapo unataka funda jingine. Niliandika kwenye daftari: "Haidai chochote." Baadaye nikaongeza: "Wala haikosi chochote."

Historia yake inaeleza tabia yake. Mwaka 1842 Josef Groll, mtengenezaji kutoka Bavaria, alipika laga, yaani bia inayochachushwa kwenye baridi, ya rangi ya dhahabu huko Plzeň, katika nchi ya Bohemia (leo ni Jamhuri ya Cheki), na bia ya namna hiyo ikaenea Ulaya kwa kasi. Munich wakati huo ulikuwa mji wa bia za kahawia. Kiwanda cha Spaten ndicho kilichotoa jibu mwaka 1894, kwa bia ya dhahabu iliyopunguziwa uchungu na kuachiwa kimea kitawale. Wapishi wa Munich hawakuiga Plzeň, walichukua rangi tu, moyo wakaubakiza wao wenyewe. Ukiziweka Helles na Pils, laga inayofuata mtindo wa Plzeň, pamoja mezani unaliona hilo bila kuambiwa: rangi moja, bia mbili tofauti kabisa.

Helles ya kiwanda kidogo iliyomiminwa pembeni yake ilinishangaza kwa uzuri. Ilikuwa na utamu zaidi kidogo, na povu lake lilikata mapema, lakini ilikuwa safi. Sikuweza kusema kwa uhakika ipi ya Munich mpaka shemeji aliponionyesha chupa. Nilimpa yule mpishi alama za juu, na nieleze kwa nini alama hizo zina uzito. Chachu ya laga inafanya kazi kwenye baridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi, na inafanya kazi polepole. Ikimaliza, bia inalazwa kwenye tanki karibu na nyuzi sifuri kwa wiki kadhaa ili itulie, isafike, ladha kali zipungue. Muda wote huo tanki limekaliwa. Kiwanda kikubwa kina matanki ya kutosha. Kiwanda kidogo kina machache, na kila wiki bia moja inapolala ndani ni wiki ambayo bia nyingine haipikwi. Angeweza kupika kitu cha haraka, akakijaza matunda na hopsi, akakiuza. Amechagua kungoja. Mimi mnywaji nalipia kungoja huko, na nalipia kwa moyo mweupe.

Neno moja kuhusu baridi kabla sijaendelea. Bia iliyotoka kwenye friji kali imekufa ganzi, ladha hazipandi. Helles niliitoa nikaiacha dakika chache, ikafika nyuzi 7 au 8 hivi, na mkate ule nilioutaja ukajitokeza. Bia nzito ziache zaidi, hadi nyuzi 10 au 12. Ukinywa Doppelbock, laga nzito yenye kilevi kikubwa, ikiwa na baridi ya barafu umelipia bia ukanywa nusu yake.

Kwenye Pils mambo hayakuwa mazuri.

Jever, ya mji wa Jever kaskazini mwa Ujerumani, ni bia kavu na chungu, na ndivyo inavyotakiwa. Uchungu wake una harufu ya majani mabichi, unashika pande za ulimi na unakaa. Watu waliozoea laga laini wataiona kali. Mimi niliipenda, ingawa si bia ya kila jioni. Kilichonihuzunisha ni glasi ya pili, ya kiwanda kidogo.

"Shemeji, mbona umekunja uso?" akaniuliza.

"Inanuka siagi."

Akanusa, akanywa kidogo, akanusa tena. "Kweli, shemeji. Siagi kabisa. Na inateleza mdomoni."

Ile siagi ina maelezo. Chachu inapochachusha hutoa kitu kiitwacho diasetili, ambacho ndicho chenye harufu ya siagi. Ikiachiwa muda mwishoni, kwenye joto la juu kidogo, chachu hiyo hiyo hukirudia na kukimeza. Mpishi akikimbilia kuipoza bia kabla kazi haijaisha, siagi inabaki kwenye chupa. Zipo bia ambazo siagi kidogo huvumilika ndani yake. Pils si mojawapo. Uchungu unataka uwanja mtupu, na siagi inaupaka mafuta. Niliinywa nusu nikaisogeza pembeni. Sisemi mpishi hajui kazi, maana Weissbier, bia ya ngano, ya kiwanda hicho hicho ilikuwa nzuri. Nasema aliharakisha, na laga haifichi haraka.

Kulikuwa na chupa nyingine ya Pils, ya kijani, iliyonuka kicheche ilipofunguliwa tu. Hiyo si kosa la mpikaji. Mwanga ukipiga bia yenye hopsi, kemikali za hopsi huvunjika na kutengeneza kitu chenye salfa ambacho pua hukitambua hata kikiwa kidogo mno. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoharibu, cha kijani huzuia kidogo, cheupe karibu hakizuii kitu. Ukiona Pils kwenye chupa ya kijani imepangwa mbele ya dirisha la duka, ichukue ya nyuma kabisa ya rafu au uache.

Weissbier ndiyo bia ninayomshauri mtu aanze nayo kama hajawahi kuonja chochote cha Kijerumani zaidi ya laga. Angalau nusu ya kimea chake ni ngano, ndivyo sheria ya Ujerumani inavyotaka, na chachu yake ni ya aina nyingine, inayofanya kazi kwenye joto zaidi. Chachu hiyo ndiyo inayotoa ndizi na karafuu. Nilikuwa nimesoma hivyo nikadhani ni maneno ya waonjaji tu. Nilipoinamisha pua juu ya Weihenstephaner nikakuta ndizi iliyoiva, wazi kabisa, na karafuu nyuma yake. Shemeji, ambaye hakuwa amesoma lolote, alisema "ndizi" kabla sijafungua mdomo.

Kuimimina ni kazi yenyewe, na inastahili uangalifu. Chukua glasi ndefu, isuuze kwa maji baridi usiifute. Ilaze karibu kabisa, chupa nayo iwe imelala, mimina taratibu ukifuata ukuta wa glasi. Povu la ngano ni jingi na lina haraka ya kupanda, kwa hiyo inua glasi kidogo kidogo. Chupani kikibaki kiasi cha vidole viwili, simama. Zungusha chupa ili chachu iliyolala chini iamke, kisha malizia kumimina. Utaona wingu la rangi ya krimu likishuka ndani ya dhahabu na kuenea mpaka bia yote inakuwa na ukungu. Ukiacha chachu hiyo chupani umeacha nusu ya ladha. Na tafadhali, usitie kipande cha limau. Povu linakufa na karafuu inapotea.

Weihenstephan ni kiwanda kilichoko Freising, karibu na Munich, kinachojitaja kuwa kikongwe kuliko vyote duniani kwa kuhesabu tangu mwaka 1040, kilipokuwa cha watawa. Hefeweissbier yake ina kilevi cha asilimia 5.4 na sijui niikosoe wapi. Nyepesi mdomoni, lakini imejaa. Schneider Weisse, ile ya asili, ni ya kahawia kidogo na karafuu yake inaizidi ndizi. Ina uchachu mdogo mwishoni unaoifanya iende vizuri na chakula. Mimi nimekuwa mtu wa Schneider. Kwa muda mrefu haki ya kutengeneza bia ya ngano huko Bavaria ilikuwa mali ya watawala, na mwaka 1872 Georg Schneider aliipata kutoka kwa Mfalme Ludwig II, wakati bia hiyo ilikuwa imeishiwa wapenzi na watu wanakimbilia laga. Nikinywa glasi hii namshukuru mtu huyo, kwa sababu angeangalia soko tu asingehangaika.

Viwanda vidogo vilifanya vizuri hapa. Moja ilizidi utamu, ndizi ikawa pipi. Nyingine, ya kile kiwanda cha siagi, ilikuwa na usawa mzuri sana na povu lililodumu mpaka funda la mwisho. Weissbier inasamehe zaidi kuliko laga. Chachu inapiga kelele, ukungu unaficha, na tanki halikaliwi muda mrefu. Si ajabu kwamba viwanda vingi vidogo vinaanza nayo.

Kölsch nitaipitia haraka, ingawa ni nzuri. Ni bia ya Köln, inatengenezwa kwa chachu ya joto kisha inalazwa kwenye baridi mithili ya laga, kwa hiyo ina tunda kidogo, tufaha au peasi, ndani ya mwili mkavu na safi. Tangu mwaka 1986 viwanda vya huko vina mapatano kuhusu nani anaweza kuiita bia yake kwa jina hilo, na Umoja wa Ulaya nao unalilinda, ndiyo maana chupa ya kiwanda kidogo niliyokuwa nayo iliandikwa "mtindo wa Kölsch" tu. Huko kwao hunywewa kwenye glasi nyembamba ya mililita 200, na mhudumu huendelea kuleta mpya bila kuitwa mpaka mteja afunike glasi yake kwa kile kikaratasi kigumu cha kuwekea bia. Nimeelewa sababu ya glasi ndogo: Kölsch ikikaa inapoteza uhai upesi. Ile ya mwisho ya chupa yangu haikuwa bia ile ya mwanzo.

Jirani yake na mshindani wake wa siku zote, Altbier ya Düsseldorf, ina rangi ya shaba na uchungu wa kweli. Uerige ni kali kuliko nilivyotarajia, ukavu wa karanga na uchungu unaong'ang'ania. Naiheshimu. Shemeji aliipenda kuliko zote za siku ile, akamaliza na yangu.

Schwarzbier nayo inafaa kusemwa kwa sababu inapotosha macho. Köstritzer, ya Thuringia, inatoka chupani nyeusi, ukiinua kwenye mwanga unaona wekundu wa kina pembeni. Unategemea uzito, unapata bia nyepesi ya asilimia 4.8, kavu, yenye kumbukumbu ya chokoleti chungu na kahawa bila ukakasi wa kuungua. Mtu anayesema hapendi bia nyeusi mpe hii huku amefumba macho. Toleo la kiwanda kidogo lilikuwa limekaanga kimea kupita kiasi, likawa na ladha ya majivu mwishoni. Weusi ni rahisi kuupata, wepesi ndio unaotaka mkono wenye nidhamu.

Sasa ile ya moshi.

Aecht Schlenkerla Rauchbier ya Bamberg. Ile ya Märzen, aina ya laga, asilimia 5.1. Kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni za mti wa biichi, moshi ukipita katikati ya punje, na jumba lao la bia limetajwa tangu mwaka 1405. Shemeji alifungua chupa, akasimama hapo hapo.

"Shemeji, hii bia au nyama?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mtu huuliza. Funda la kwanza ni moshi mtupu, nyama iliyokaushwa juu ya kuni, na akili inakataa kwa sababu kinachopita kooni ni maji maji na baridi. Nilitaka kuiweka chini. Nilichofanya ni kuinywa polepole bila kubadilisha glasi, na karibu na nusu kitu kikageuka. Pua huzoea moshi na kuacha kuutangaza, na hapo unaanza kukutana na bia yenyewe: kimea cha kahawia, karameli isiyo na sukari, uchungu uliokaa mahali pake. Ilikuwa laga nzuri sana iliyokuwa imesimama nyuma ya pazia muda wote. Ukiionja kwa kijiko cha bure kwenye meza ya maonyesho huwezi kuifika. Ni bia ya glasi nzima.

Zamani, kabla ya viwanda kupata njia ya kukausha kimea kwa hewa ya moto isiyopita kwenye kuni, bia nyingi zilikuwa na moshi kiasi fulani. Karibu kila mahali moshi uliondolewa mara tu ilipowezekana. Bamberg waliubakiza, na leo bia yao inaonjwa na watu wa dunia nzima kwa sababu hiyo. Kiwanda hicho kina pia Helles ambayo haina punje ya kimea cha moshi, lakini inapita kwenye vyungu vile vile na chachu ile ile, ikatoka na moshi hafifu kabisa, kiasi cha nguo iliyotundikwa chumba cha pili. Hiyo ninaitafuta kila nikiona duka lenye rafu ya Ujerumani. Kwangu ndiyo mlango bora wa kuingilia Rauchbier.

Ya kiwanda kidogo ndiyo niliyoiacha glasini. Moshi wake haukuwa wa kuni, ulikuwa wa plasta na dawa ya kusafishia vidonda, wenye ncha, uliokwama nyuma ya koo. Nilingoja nikidhani nayo itageuka. Haikugeuka. Nadhani kimea cha moshi kilizidi, na chachu ikaongeza ya kwake, lakini hayo anayajua aliyepika. Nilichojua mimi ni kwamba sikuweza funda la tatu.

Upande wa bia zenye uchachu, viwanda vidogo vilinifurahisha kweli. Berliner Weisse ni nyepesi, kilevi karibu asilimia 3 tu, uchachu safi unaotokana na bakteria wa jamii ile inayogandisha maziwa. Berlin huinywa sana ikiwa imetiwa sharubati nyekundu ya rasiberi au ya kijani ya mmea wa msituni. Naielewa sharubati, lakini niliipenda kavu, ikiwa na harufu ya limau isiyo na limau. Gose asili yake ni mji wa Goslar, ikahamia Leipzig na kupata wapenzi wake huko. Ina chumvi na mbegu za giligilani, mambo ambayo amri ya 1516 isingeruhusu, na inaachiwa kwa sababu ni bia ya jadi ya eneo hilo. Katika karne ya 20 ilikufa kabisa kwa muda, ikafufuliwa Leipzig miaka ya 1980, kisha viwanda vidogo vya Marekani vikaidaka na kuitawanya duniani.

Gose niliyopewa na kiwanda kidogo ilikuwa bora kuliko chupa zote za uchachu mezani. Chumvi haikuwa ladha, ilikuwa msukumo tu unaofanya mate yajae na uchachu uwe mviringo. Giligilani ilikuja baada ya kumeza. Hapa mpishi hakuwa na chupa maarufu ya kuiga iliyozoeleka kila mahali, ikabidi afikirie mwenyewe, na kufikiri huko kunasikika. Nyingine iliyojazwa tunda ilikuwa sharubati yenye gesi. Sitairudia.

Nilimalizia na Doppelbock, na mpangilio huo nakusihi uufuate, kwa sababu baada yake bia nyepesi zote zinakuwa maji. Ni bia iliyoanzishwa na watawa wa Paulaner wa Munich, nzito, ya kimea, inayosimuliwa kuwa iliwashikilia wakati wa kufunga. Salvator ya Paulaner bado ipo, asilimia 7.9. Mimi nilionja Celebrator ya Ayinger, asilimia 6.7, yenye kimbuzi cheupe cha plastiki kinachoning'inia shingoni mwa chupa. Ni nyeusi, laini kiasi kwamba unasahau kilevi, na ina zabibu kavu, ukoko wa mkate, chokoleti kidogo. Utamu upo, lakini mwisho ni mkavu, ndiyo siri yake. Doppelbock ya kiwanda kidogo ilikuwa na utamu huo huo bila ule ukavu, na baada ya robo glasi ikachosha. Kilevi kikubwa na kimea kingi si vigumu kuvipata, ni suala la kuongeza punje. Kuimaliza kavu ndiko kazi ilipo, na kazi hiyo inarudi kwenye chachu yenye afya na muda wa kutosha tankini.

Aventinus ya Schneider iko peke yake: Doppelbock ya ngano, asilimia 8.2, inatengenezwa tangu mwaka 1907. Ndizi na karafuu za Weissbier zimeingizwa ndani ya tunda kavu na viungo. Inamiminwa kwa utaratibu ule ule, chachu na yote. Nusu lita yake inatosha watu wawili bila haraka, na mimi na shemeji tuligawana hivyo, tukaiacha ipate joto, ikawa inabadilika kila baada ya dakika chache, karafuu kwanza, kisha zabibu, kisha kitu cha karibu na mvinyo.

Ukienda dukani, anza kwa kusoma tarehe kabla ya jina. Aventinus inavumilia kukaa, ukiiweka mahali pa baridi na giza hata miaka inaweza kuifaa. Doppelbock nyingine pia hazina haraka. Gose na Berliner Weisse zinalindwa kiasi na uchachu wao. Weissbier, Kölsch, Pils na Helles zinatakiwa changa: mkate ule wa Helles ukizeeka unakuwa karatasi iliyolowa, na hopsi za Pils zinafifia kabla ya kitu kingine chochote. Viwanda vidogo vingine huandika siku bia ilipojazwa chupani, vingine huandika tu mwisho wa matumizi. Mimi natafuta vinavyoandika siku ya kujazwa, na Helles iliyopitisha miezi minne mitano naiacha kwenye rafu hata ikiwa imepunguzwa bei.